Oili Iliyomiminwa Kitahana

Kasulu,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Pasikali,

Bwana Gharibu, mwakilishi wa kampuni iliyotuuzia pikapu, amesema leo asubuhi kwamba tabo imekufa na waranti imesimamishwa. Amesema hayo mbele yangu na mbele ya mafundi wake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa vidole, akaninyooshea vidole hivyo karibu na pua. "Mama, hii siyo oili ya gari hili."

Naandika kwa sababu tangu jana unanikatia simu. Konda wa basi la asubuhi atakupa barua hii mkononi. Nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine.

Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Kifuniko cha oili chenyewe kimeandikwa 5W-30, kwa herufi nyeupe ambazo hata mtu asiye na miwani anaziona. Siku tulipolichukua gari Mwanza nilikusimamisha mbele ya kifuniko hicho nikakwambia: namba hii ndiyo waranti. Tukiweka nyingine, likiharibika tumejiharibia. Ulijibu, "Sawa dada, nimeelewa, mimi siyo mtoto."

Gharibu amenieleza polepole, kama mtu anayeeleza msiba. Namba ya mbele ni jinsi oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Ya nyuma ni injini ikishapata moto. Asubuhi za Kibondo mwezi huu unazijua. Oili nzito inachelewa kupanda, na tabo, ambayo kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini, inaanza kuzunguka kwa kasi kabla oili haijaifikia. Inajisaga yenyewe. Ndiyo maana gari lilipiga mluzi, likatoa moshi, likakufia mlimani baada ya Busunzu na mzigo wa watu.

Kuna njia moja. Kampuni italitengeneza bure, kwa hisani, nikisaini maelezo kwamba dereva aliweka oili hiyo bila mimi kujua. Sharti lao ni kwamba dereva huyo asiliguse gari tena mpaka waranti iishe, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu zao. Jina lenyewe ni lako.

Sijasaini. Maharage ya wakulima wa Busunzu yako chini ya turubai na wananipigia simu mimi, siyo wewe. Nataka jibu la swali moja tu: uliweka oili gani?

Esteri


Kumsenga, Kibondo,
Jumamosi, 5 Julai 2025

Dada Esteri,

Amahoro. Mimi nasalimia, kwa sababu nililelewa.

Oili iliyomo kwenye injini ni 5W-30. Niliinunua huko huko Kasulu, duka lile lile ulilonionyesha, nikaimimina kwa mkono wangu. Nenda kamuulize mwenye duka, si una miguu.

Unajua nimetukanwa kiasi gani kwa ajili ya hiyo namba yako? Hapa Kibondo mafundi wana oili moja tu, nzito. Fundi anachovya kidole, anasugua na gumba, isiponata anakutazama kama umemletea mkojo. Fundi Ndayikunda wa stendi alinizomea mbele ya abiria: "Pasikali, unaweka maji ya kunawa kwenye injini! Kwa milima hii? Kwa magunia haya?" Nikamwonyesha kifuniko. Akasema kifuniko kimeandikwa na watu wasiojua mlima wa Busunzu. Tangu siku hiyo naitwa Bwana Maji. Nikipita stendi, "Bwana Maji, leo umechota wapi?" Nimevumilia wiki hizi zote. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu yako.

Wewe umekaa Kasulu kwenye kivuli unapima maharage. Boneti hujawahi kuifungua tangu Mwanza. Leo mtu wa tai anakunusisha vidole, na wewe unaniandikia mimi, ndugu yako, "uliweka oili gani" kama askari wa barabarani. Usinichukulie poa, dada.

Saini unachotaka kusaini. Ila ukimaliza kuandika jina langu, waandikie pia kwamba siku ya Pentekoste gari lilikuwa zima kabisa, na wewe ulikaa siti ya mbele umevaa kitenge kipya, unawapungia watu mkono.

Pasikali


Kasulu,
Jumanne, 8 Julai 2025

Pasikali,

Majibu ya maabara, ambako kampuni ilipeleka sampuli ya oili, yamefika jana. Gharibu amenisomea, kisha nikayasoma mwenyewe. Oili iliyomo kwenye injini ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni 5W-30, kama ulivyosema. Iliyobaki ni masalia ya oili nzito, 20W-50, na filta imejaa masalia hayo.

Kwa hiyo ulinijibu swali ambalo sikukuuliza. Sikuuliza iliyomo sasa ni ipi. Niliuliza uliweka ipi. Uliweka nzito, ukatembea nayo, ukaimwaga kimyakimya, ukaweka nyepesi, ukaacha filta ile ile, halafu ukadhani hakuna atakayejua. Kisha ukaniletea hadithi ya Bwana Maji ili nikuonee huruma.

Nilikuonea, kwa taarifa yako. Jumapili nzima nilikuwa najiambia nimemkosea mdogo wangu. Jana nimesimama kwenye ofisi ya watu na karatasi mkononi, Gharibu anasema, "Mama, pole, madereva ndivyo walivyo." Nimeona aibu kwa ajili yako, Pasikali, mbele ya mtu anayenywa chai yake.

Kitenge changu hakihusiani na tabo.

Nitasaini Jumatatu, tarehe 14. Khamisi, yule anayeendesha lori la mashine ya kusaga, amekubali kuchukua gari likitengemaa. Funguo ya akiba mpe konda.

Esteri


Kumsenga,
Alhamisi, 10 Julai 2025

Esteri,

Leo hata salamu sitoi.

Ulitaka jina la oili, haya. 20W-50, galoni ya njano, imefungwa utepe mwekundu shingoni. Iliyoileta ni mikono ya Baba Mkubwa Anania. Mahali ni uwanjani kwake, Kitahana. Siku ni Pentekoste. Na wewe ulikuwepo.

Umesahau? Wewe ndiye uliyetaka sherehe. Ulisema hili ni gari la kwanza la ukoo tangu tuvuke mpaka, haliwezi kuingia nyumbani kama mbuzi wa mnadani, lazima tulihembe, kama watu wanavyokwenda kumhemba mama aliyejifungua, kumpelekea chakula na zawadi. Watu wakacheka, halafu wakaja. Wakaleta kinywaji cha mtobe, kuku, unga wa muhogo, yule mama wa Busunzu akaleta shuka la kufunikia siti. Wakawa wanauliza, mtoto analala vizuri? Ananyonya? Na Baba Mkubwa, kwa kuwa ni Baba Mkubwa, alitaka kuleta kitu ambacho mtoto atakinywa kweli. Alikuja na galoni yake, na Fundi Ndayikunda nyuma yake amebeba beseni na spana. Alikuwa amepanga kila kitu, mzee wa watu.

Sasa niambie, wewe uliyezaliwa kwetu: kinachohembwa kinawekwa stoo? Mama mzazi akiletewa uji, anasema asante, nitakunywa kesho? Anakunywa pale pale, aliyeuleta anamtazama mpaka bakuli liishe. Asipokunywa, amemwambia mwenzake kwamba uji wake una sumu, na watu hawatasahau hilo mpaka wazikane.

Nilikufuata jikoni. Ulikuwa unapakua wali. Nikakunong'oneza, dada, galoni ya mzee siyo namba ya kifuniko. Hukugeuka hata. Ulisema, "Pokea, Pasi. Usimwaibishe mzee mbele ya watu." Nikasema, lakini dada, waranti. Ukasema, "Nimesema pokea."

Nikapokea. Fundi akalala chini ya gari na shati lake la kanisani, nyepesi yako ikamwagika kwenye beseni, nzito ikaingia, wanawake wakapiga vigelegele. Baba Mkubwa akaweka mkono juu ya boneti akaliombea. Mtu huyo alituvusha kwa miguu, wewe mgongoni, mimi kifuani. Ulitaka nimwambie nini? Samahani mzee, ngoja nisome kifuniko?

Niliendesha na oili hiyo kwa sababu kila asubuhi alipita kuuliza mtoto ameamkaje, na alikuwa anataka nichomoe kijiti aione. Alipokwenda Kakonko kwenye msiba, siku hiyo hiyo nikaimwaga. Filta yake haipatikani Kibondo, iko kwenu tu. Ningekuja kuichukua, ungeuliza ya nini.

Sikumtaja kwa sababu wenye ofisi wanapenda majina. Ungemtaja kwa Gharibu, Gharibu angemwandika, siku moja mtu angesoma kwa sauti kwamba Anania ndiye aliyeua gari la wanawe. Bora waniandike mimi, nimeshazoea kuitwa majina.

Saini. Funguo ya akiba anayo konda.

Pasikali


Kasulu,
Ijumaa, 11 Julai 2025

Pasikali,

Nilisema pokea. Sikusema mimina.

Ungeweza kusema injini ina moto haifunguliwi. Ungeweza kusema fundi wa kampuni lazima awepo. Ungeweza kunivuta kutoka jikoni na mwiko wangu mkononi, nikamwambia mwenyewe. Wewe ni mtu mzima una mke na nyumba, ulishindwa kusema neno moja, halafu ukaniandikia kwamba kosa ni la wali wangu.

Kuhemba nakujua vizuri kuliko wewe. Sikujua kwamba kunafika mpaka kwenye injini.

Na hata ningekubali yote uliyoandika, unafikiri nimwambie nini Gharibu? Kwamba tulilinywesha gari kama mzazi? Atacheka mpaka chai imwagike.

Funguo nimeipata. Jumatatu iko palepale.

Esteri


Kitahana,
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kwa Esteri na Pasikali, wanangu,

Neema ya Bwana iwe nanyi. Baada ya hapo hakuna jema katika barua hii.

Benita, mke wa Pasikali, ameniambia jana. Msimlaumu. Nilimuuliza kwa nini gari haliji na maharage yanaota ukungu, akasema liko sevisi. Nikamuuliza sevisi gani ya kumkondesha mume wake. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikakataa chakula mpaka aliposema.

Nimewakasirikia wote wawili, na naanza na mkubwa.

Esteri, wewe unajua kukataa. Ulimkataa mchumba wa kwanza wajomba zake wakiwa wamekaa ndani na mahari yao, na mimi ndiye niliyetoka nje kuwaambia. Je, nilikufa? Nimesimama kwenye milango ya ofisi miaka mingi nikiomba karatasi ya uraia wetu. Nilikataliwa na wazee, nikakataliwa na vijana wanaolingana na Pasikali, mwingine hakunyanyua hata macho. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala, nikaenda tena. Mtu aliyekataliwa hivyo na wageni, ninyi mliona atavunjika akikataliwa galoni moja na wanawe?

Na wewe Pasikali. Kila asubuhi nilikuuliza, gari limeamkaje? Ukaniambia limeamka salama, baba. Ukachomoa kile kijiti, ukanionyesha, ukaniacha nifurahi. Ulinitazama machoni. Nilipokuwa Kakonko nazika, wewe ulikuwa unamwaga zawadi yangu kwenye nyasi. Laiti ungemwaga mbele yangu! Ningegomba, ningetukana, jioni tungekula pamoja.

Mmenifanya mzee wa kudanganywa. Nimewaona watu wakifanyiwa hivyo. Wanaitwa baba, wanapewa kiti kizuri, na kila wanachoambiwa si kweli. Sikujua kwamba na mimi nimeshafikia huko.

Oili niliichagua mimi. Nilimuuliza Fundi Ndayikunda iliyo bora ni ipi, akasema hii ndiyo inayobeba milima. Niliuliza fundi, sikuuliza gari. Hayo nitayasema kwa mdomo wangu kwa huyo Gharibu, sihitaji mtu wa kunisemea wala wa kunificha.

Esteri, Jumatatu usisaini uongo juu ya ndugu yako. Ukisaini, kiti changu nyumbani kwako kipe mtu mwingine.

Jambo la mwisho. Niandikieni ile namba ya kifuniko kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, mnitumie. Nitaitafuta mwenyewe dukani, nitaweka karatasi kando ya galoni na kulinganisha. Siku ya kulitengeneza nitakuja nayo, na itamiminwa nikiwa nimesimama pale. Nani atanikatalia, aseme mbele yangu.

Baba yenu,
Anania


Kasulu,
Jumanne, 15 Julai 2025

Pasikali,

Gharibu amesema jana saa nne kwamba kampuni haipokei maelezo yenye majina matatu, langu, lako na la Baba Mkubwa. Karatasi yao ina visanduku viwili tu: mmiliki alijua, mmiliki hakujua. Nimeweka alama kwenye alijua.

Alikiweka kikombe chini. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba hisani imekufa papo hapo, na kwamba kisanduku hicho kinaweza kufunga waranti ya injini nzima, siyo ya tabo peke yake. Nikamwambia nimeelewa. Akasema, "Mama, mtu anakupa mlango na wewe unapita dirishani." Nikamwambia mlango wake una jina la mdogo wangu juu yake.

Chini ya visanduku kuna mistari michache mitupu. Nimeandika hivi: Oili 20W-50 iliwekwa Kitahana siku ya Pentekoste, mbele ya watu. Ililetwa na baba yetu mkubwa kama zawadi ya kuhemba. Dereva alinionya. Mimi nilimwagiza apokee. Dereva aliimwaga alipopata nafasi, akarudisha 5W-30. Gharibu alisoma, na hakucheka. Aliuliza kuhemba ni nini. Nilipomweleza, alisema kwao Pangani mama mzazi analetewa supu, na ni kweli, hakuna anayethubutu kuibakiza. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni wa kampuni, akarudi kwenye karatasi yake.

Hapo ndipo nilipofungua kitabu cha gari. Nimekisoma Jumapili yote, badala ya kulala. Ukurasa wa waranti unasema kampuni haitalipia uharibifu uliosababishwa na oili isiyo sahihi. Uliosababishwa. Haukusema uliotokea baada yake. Nikamuuliza: tabo mmeifungua? Akasema bado. Nikamuuliza tena: kwa hiyo mnajua kilichomo kwenye kijiti, mnajua kilichomo kwenye filta, na kilichoiua tabo hamjakiona? Wale mafundi wake waliacha kufunga nati wakawa wanatusikiliza. Nikasema kwa sauti, Pasikali, kwa sababu nilikuwa na hasira za wiki mbili na hazikuwa na pa kwenda: fungueni mbele yangu. Bomba la kupeleka oili kwenye tabo likiwa zima na tabo imesagika kwa uzito wa oili, gharama ni yetu, nitauza shamba langu la Heru bila kuomba punguzo. Likiwa limeziba au limepinda tangu kiwandani, mtalipa ninyi, na sitaki kusikia neno hisani.

Alikwenda nje kupiga simu. Aliporudi alisema fundi mkuu atakuja kutoka Mwanza.

Usidhani nimetulia. Nimekukasirikia kwa kunyamaza, na nimejikasirikia kwa mambo ambayo sitakuandikia kwa sababu utayatumia mpaka uzee. Wakulima wa Busunzu nimewaambia ukweli, wengine wamenitukana, na gari la Khamisi ndilo litakalobeba mzigo kwa sasa. La kwetu nimemwambia asahau. Funguo ya akiba iko kwenye bahasha hii.

Kipande cha karatasi cha Baba Mkubwa nacho kimo humu. Nimeandika namba kubwa, kwa kalamu nzito. Usimsomee. Mpe asome mwenyewe, na akikosea galoni dukani, mwambie hapo hapo.

Gharibu nimemwambia mzee atakuja na galoni. Alisema kampuni haipokei oili ya nje. Nilimtazama. Akasema kama imefungwa na namba ni yenyewe, ataona, na kwamba injini itahitaji oili mpya kwa vyovyote vile, kosa likiwa lao au letu.

Tabo inafunguliwa Jumanne, tarehe 22 Julai, saa tatu asubuhi, hapa Kasulu. Pandeni basi la kwanza, ninyi wawili. Mzee akae dirishani, na galoni aishike mwenyewe.

Esteri